Moja Nukta Tano

Najua kuna wanaosubiri sehemu ya tatu ya yale masomo ya hifadhidata. Itakuja, msinichoke. Leo niruhusuni nitoke nje ya mada kidogo, ingawa mkifika mwisho huenda mkaona kwamba sikutoka mbali sana.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Busia nikipanga vitu vya marehemu baba. Chini ya kabati, kati ya risiti za pembejeo na kalenda za miaka iliyopita, nikakuta sidii moja imeandikwa kwa kalamu nyekundu: BASARI 2005, USIFUTE. Mwandiko ni wangu. Nikahangaika mtaa mzima kutafuta kompyuta yenye kisoma sidii (jaribuni siku hizi muone), mwishowe nikaipata kwa fundi mmoja wa simu karibu na steji. Ikafunguka.

Ndani kulikuwa na programu yangu ya kwanza kulipwa. Niliiandika kwa Visual Basic, na data ilikaa kwenye Access. Rangi mbaya, vitufe vikubwa kama matofali, lakini ilikuwa ikifanya kazi. Kiini chake kilikuwa mstari mmoja tu. Nikiuandika kwa Kiswahili unasema hivi: panga majina yote kwa alama, kubwa ianze, kisha chukua 40 ya kwanza.

Niliutazama mstari huo kwa muda mrefu hadi fundi akaniuliza kama kuna mtu amefariki. Nikamwambia hapana. Lakini ulikuwa umenikumbusha watu watatu: dada yangu, mama mmoja aliyekuja kwetu na kuku, na mzee mmoja wa Uganda ambaye sikuwahi kumwona kwa macho, Profesa William Senteza Kajubi. Nianze na dada.

Ninyi msioijua Busia, ni mji mmoja uliokatwa vipande viwili na serikali mbili. Kipande kimoja ni Kenya, cha pili ni Uganda, na vyote viwili vinaitwa Busia. Ukisogea kidogo tu upande huu simu yako inakukaribisha Uganda na kukutajia bei za kupiga huko. Wenye maduka wanapokea shilingi za pande zote mbili na wanazibadilisha kichwani haraka kuliko kikokotoo. Hata neno bodaboda, ambalo sasa linasikika mbali, lilitoka mpakani huku kwetu, pale vijana wa baiskeli walipokuwa wakibeba watu kutoka boda hadi boda. Ukienda kaskazini unafika Malaba, penye reli na foleni ya malori. Huko nako ni hivyo hivyo: Wateso wako Kenya na wako Uganda, na hakuna aliyewauliza mstari upite wapi.

Kwa hiyo si ajabu kwamba shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa ng'ambo. Binti yake wa kwanza ndiye ninayemwita dada. Yeye ni Mganda, mimi Mkenya, na nyumba zetu zilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Likizo zote tulikuwa pamoja. Alisomea sekondari Tororo, akafanya mtihani wa kidato cha sita, na mwaka 1992 akapata nafasi Makerere.

Kwetu hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu. Shangazi alichinja mbuzi. Lakini katika sherehe hiyo hiyo mjomba mmoja, akiwa amekwisha kunywa, alisema kwa sauti kwamba siku hizi Makerere inagawa alama za bure kwa wasichana. Moja nukta tano. Bila hizo, alisema, huyu angebaki hapa kuuza samaki.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, umri ambao mtoto akisikia jambo la kuumiza analiokota kama jiwe zuri. Kuanzia siku hiyo nikambatiza dada jina: Mheshimiwa Moja Nukta Tano. Watoto wenzangu wakalishika. Alipokuja likizo ya Krismasi tulimpigia makofi njiani, "Moja Nukta Tano! Moja Nukta Tano!" Alicheka nasi mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka. Miaka iliyofuata akawa anakuja siku mbili tu, kisha anasema ana kazi Kampala.

Sasa niwaeleze hizo alama zilitoka wapi, maana mimi mwenyewe sikujua hadi nilipokuwa mtu mzima.

Senteza Kajubi alizaliwa Buganda mwaka 1926. Alisoma Makerere, kisha katika miaka ya 1950 akaenda Chicago kusomea jiografia kwa ufadhili wa Fulbright, wakati Waafrika waliopata ufadhili huo walikuwa wa kuhesabika. Angeweza kubaki kwenye ramani zake. Alirudi akaingia kwenye elimu ya walimu, na miaka mingi akaongoza taasisi ya elimu pale Makerere. Jambo hili lizingatiwe: kabla ya kukalia kiti cha juu cha chuo kikuu, kazi yake ilikuwa kufikiria mwalimu wa shule ya msingi anafunzwaje.

Kwa Wamarekani mkuu wa chuo anaitwa rais. Kwetu chansela alikuwa mkuu wa nchi, mtu wa kuja siku ya mahafali na kofia, na mwenye kubeba mzigo ni naibu chansela. Kajubi aliubeba Makerere mara mbili. Mara ya kwanza ni 1977 hadi 1979, wakati wa Idi Amin. Wenye umri wataelewa maana yake. Miaka mitano tu kabla, mwaka 1972, naibu chansela Frank Kalimuzo alichukuliwa na watu wa serikali na hakuonekana tena. Kiti hicho hakikuwa cha starehe.

Mara ya pili ni 1990 hadi 1993. Lakini kati ya vipindi hivyo viwili kuna kazi ambayo kwangu mimi ni kubwa kuliko vyote. Mwaka 1987 serikali ya Uganda ilimpa kuongoza tume ya kuchunguza elimu yote, toka chekechea hadi chuo kikuu. Nchi ilikuwa imetoka vitani. Shule zilikuwa zikiendeshwa kwa michango ya wazazi, na mzazi asiyekuwa na mchango mtoto wake alibaki nyumbani. Ripoti ilitoka 1989, ikatoa hoja kwamba elimu ya msingi iwe ya kila mtoto. Serikali ikatoa waraka wake wa sera mwaka 1992 ukijengwa juu ya ripoti hiyo. Waraka huo hata uliweka Kiswahili na Kiingereza kuwa masomo ya lazima kwa watoto wote wa shule za msingi. Kuhusu Kiswahili ilibidi kusubiri sana, maana baraza la mawaziri la Uganda lilikuja kupitisha kukifanya somo la lazima mwaka 2022. Lakini kuhusu watoto, mambo yalikwenda. Mwaka 1997 karo ya msingi ikaondolewa, mwanzoni kwa watoto wanne kila familia, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka kama milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano ndani ya mwaka mmoja.

Sisi wa mpakani tuliiona hesabu hiyo kwa macho. Kenya bado tulikuwa tunalipa. Jirani zetu wawili waliwahamishia watoto wao kwa ndugu ng'ambo, wakawa wanavuka asubuhi na sare za Uganda. Madarasa yalijaa hadi watoto wakakaa chini ya miti, na walimu walilalamika, na walikuwa na haki. Kisha Januari 2003 Kenya nayo ikafuta karo ya msingi, na watoto wakaanza kuvuka kwa upande wa pili. Nilikuwa nikiwatazama nikiwa kwenye saiba nilikofanya kazi, nikifikiri: mstari ni uleule, ila sheria imebadilika, na miguu ya watoto imegeuka.

Tuje kwenye moja nukta tano. Uamuzi ulianza kutumika Makerere mwaka 1990, mwaka ambao Kajubi alirudi kwenye kiti. Sisemi aliufanya peke yake, chuo kina seneti, na kulikuwa na wanawake waliokuwa wamelipigania jambo hilo kwa muda. Lakini ulipita na kusimama katika kipindi chake. Kila msichana aliyeomba nafasi aliongezwa alama 1.5 juu ya zile alizopata. Wakati huo wanawake walikuwa kama robo tu ya wanafunzi wa Makerere.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na dada akanionyesha alama zinavyohesabiwa, na hapa wale mnaopenda hesabu nisikilizeni. Katika mtihani wa kidato cha sita wa Uganda, A ilikuwa 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, na O ni 1. Lakini chuo hakijumlishi tu. Masomo mawili yaliyo ya lazima kwa kozi unayoomba yanazidishwa mara tatu. Linalofuata kwa umuhimu linazidishwa mara mbili. Lililobaki linahesabiwa mara moja. Halafu matokeo yako ya kidato cha nne yanaongeza visehemu: 0.3, 0.2 au 0.1 kwa kila somo.

Sasa pigeni hesabu. Mtu mwenye A zote nne anapata 18 na 18 na 12 na 6, yaani 54, kabla ya hivyo visehemu. Kupanda daraja moja tu, kutoka C hadi B, katika somo moja la lazima, ni alama 3. Kwa hiyo ile zawadi kubwa iliyomfanya mjomba apige kelele kwenye sherehe ya watu ni nusu ya hatua ya herufi moja katika somo moja. Nusu! Msichana wa D bado hakuweza kumpita mvulana wa A. Zilichofanya alama hizo ni kuwainua wale waliosimama mlangoni kabisa, wakikaribia kuugusa.

Nilipomaliza hesabu hiyo nilinyamaza. Dada akaniuliza, "Umepata ngapi?" Nikamwambia nusu ya herufi. Akasema, "Mimi nilijua tangu 1992."

Basi, tuje kwenye sidii.

Mwaka 2005 nilikuwa kijana wa saiba anayejua kuandika programu, na katika Busia ya wakati huo hilo lilikufanya kuwa kama mganga. Kamati moja ya basari ya sekondari ilikuwa imechoshwa na lawama. Kila mwaka watu walisema wanakamati wanagawia ndugu zao. Wakaja kwangu: tuandikie kitu kwenye kompyuta, ili mtu akiuliza tumwambie kompyuta ndiyo iliyochagua. Nilifurahi. Niliamini kweli kwamba nawaletea haki. Kompyuta haina shemeji, nilikuwa nikiwaambia. Kompyuta haiombwi chai.

Fomu zilikuja zaidi ya mia mbili. Niliziingiza usiku kwa usiku na rafiki yangu mmoja: jina, shule, jinsia, kata, alama za KCPE kati ya 500. Nikabonyeza kitufe. Orodha ya 40 ikatoka kwenye printa, safi, imenyooka. Kamati ikaibandika ukutani. Wa arobaini alikuwa na alama 334.

Siku mbili baadaye mama mmoja alifika nyumbani kwetu. Alikuwa ametoka kusini, kule mto Nzoia unakovunja kingo na kuwatoa watu majumbani. Alikuwa na kuku mmoja kwapani, amemfunga miguu kwa kamba ya mkonge.

"Mwalimu wa kompyuta yupo?" akauliza. Mimi si mwalimu, lakini nikasema nipo, mama, karibu.

Binti yake alikuwa na 331. Alikuwa wa 43. Mama hakuja kulalamika wala kuomba upendeleo. Alikuja kuuliza swali, na kuku alikuwa ni adabu tu ya kuingilia nyumba ya mtu. Alisema, "Wameniambia kompyuta imekataa. Nataka kujua imemkatalia nini, ili mwakani tumrekebishe."

Nikamweleza. Nikamwambia mama, hii ni hesabu, hakuna aliyemchukia mtoto wako, zimepungua alama tatu. Akauliza kama kompyuta ilijua kwamba muhula wa pili shule yao ilikuwa kambi ya waliohamishwa na mafuriko, na watoto wakasomea kanisani. Nikamwambia hapana, hilo halikuwa kwenye fomu. Akasema, "Haya," kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Akamwacha kuku.

Dada alikuwepo siku hiyo, amekaa uani na mama yangu wanachambua mboga. Alisikia yote. Yule mama alipoondoka aliniita. Hakunipandishia sauti.

"Wewe mtoto wa mjomba," akasema, "kompyuta haikatai. Ni nani aliyeandika hapo kwamba itazame alama peke yake?"

Nikasema ni mimi.

"Basi ni wewe uliyekataa."

Nilijitetea sana. Nikamwambia alama ndizo kitu pekee kisicho na upendeleo. Akaniuliza wale 40 wametoka wapi. Nikaenda kuangalia, maana data nilikuwa nayo na sikuwahi kuiuliza swali hilo. Shule chache za mjini, zenye madarasa ya jioni na stima, zilikuwa zimechukua sehemu kubwa ya orodha. Wengi walikuwa watoto wa watu wenye mishahara. Mimi nilidhani nimepima akili. Nilikuwa nimepima taa ya stima.

Nilirudi kwenye kamati kesho yake. Mwenyekiti akanisikiliza vizuri, kisha akasema orodha imeshasomwa mbele ya watu, na akibadilisha jina moja tu watarudi kusema ni ndugu zao. Na alikuwa sahihi kwa upande wake! Nilikuwa nimewapa ukuta wa kujificha, sasa naomba waubomoe. Yule binti hakuingia kidato cha kwanza mwaka ule.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba wilaya zetu hizi, Busia na Teso, zilikuwa zimepimwa na wasomi wa dunia kuhusu jambo hilo hilo. Katikati ya miaka ya 1990 shirika moja liligawa vitabu vya kiada katika shule za huku, na wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakafuatilia matokeo. Wangetegemea alama zipande kwa wote. Zilipanda kwa wale tu waliokuwa tayari wanaongoza. Sababu ni kwamba vitabu vimeandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa mtoto wa huku ni lugha ya tatu baada ya ya nyumbani na Kiswahili, na wengi walikuwa hawawezi kuvisoma. Kisha kuanzia 1998 Kremer na Edward Miguel walifuatilia shule 75 za Busia ambako watoto walipewa dawa za minyoo. Utoro ulipungua kwa kama robo. Kremer akaja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili, na sehemu ya njia ya kwendea Stockholm ilipitia kwenye vumbi letu. Mimi ninachochukua hapo ni hiki: ukitoa kitu kimoja sawasawa kwa watoto wasiosimama mahali pamoja, umesaidia aliye mbele. Na wakati mwingine kinachomzuia aliye nyuma hakionekani kwenye karatasi yake ya mtihani.

Mwaka 2006 niliandika toleo la pili la programu. Nikaongeza alama kwa shule zilizopata mafuriko, kwa yatima, kwa kata za mbali. Nilijiona kama Kajubi mdogo. Mnajua kilichotokea? Watoto wa mjini wakahamia vijijini kwenye fomu. Kata moja ambayo mwaka uliotangulia ilileta waombaji tisa ikaleta arobaini na kitu, baadhi yao na anwani za posta za Busia mjini. Yatima nao waliongezeka, wengine wakisindikizwa na baba zao.

Nilikasirika, nikataka kuufuta mfumo wote. Dada akanicheka. Alisema hata Uganda ni hivyo. Na kweli, alama 1.5 zenyewe zilichunguzwa, ikaonekana kwamba wengi walionufaika ni wasichana wa shule nzuri na familia zenye uwezo, na msichana wa kijijini kabisa hakufika hata kwenye huo mlango wa kuongezewa. Mwaka 2005 Uganda ikaongeza mgawo wa wilaya kwa sehemu ya nafasi zinazolipiwa na serikali, na hapo pia yakaja malalamiko ya watoto waliosomea shule kubwa za Kampala wakadai nafasi za wilaya za babu zao.

Je, Kajubi alikosea? Nimelifikiria hili miaka mingi na jibu langu ni hapana, lakini si hapana ya kupiga kifua. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 wanawake Makerere walikuwa wakikaribia nusu. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na milango mingine, hasa masomo ya jioni ya kujilipia yaliyoanza miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1990. Na miaka hiyo ilikuwa na machungu yake. Wanafunzi walikuwa wamezoea kusoma bure na kupewa posho, serikali ikaanza kuzikata, na Desemba 1990 polisi waliwaua kwa risasi wanafunzi wawili katika maandamano. Anayesimulia historia ya usawa wa elimu kama ngazi inayopanda tu anawadanganya. Huku unamfungulia msichana mlango, kule ada inaingia na kumfungia maskini mwingine. Mtu mmoja anaweza kuwa ofisini siku zote mbili.

Kinachonivutia kwa mzee huyu ni kwamba hakuchagua upande mmoja wa tatizo. Alama 1.5 ziliwasaidia waliofika mlangoni. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa ni kwa ajili ya wale ambao hawangeuona mlango kabisa. Sisi mafundi tungesema alirekebisha matokeo huku akirudi kurekebisha data inayoingia. Akimaliza Makerere alikwenda Nkumba, karibu na Entebbe, kuongoza chuo kikuu kilichokuwa kinaanza mwaka 1994. Alifariki mwaka 2012.

Mimi niliendelea na toleo la tatu. Niliacha kuiachia programu ichague. Ilitoa majina 60, na kando ya kila jina sababu zilizolifikisha hapo, kisha kamati ikaenda vijijini kuuliza chifu, mwalimu mkuu na majirani. Walilalamikiwa tena kwamba wanapendelea ndugu. Nafikiri mara moja moja walipendelea. Lakini hakuna mama aliyeambiwa tena kompyuta imekataa.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mwaka 2024 nilikuwa Malaba, nimekwama kwenye foleni ya malori kama kawaida, nikashuka kununua mayai ya kuchemsha. Mwanamke aliyekuwa akiuza akanitazama sana. Akauliza kama mimi si wa familia fulani ya Busia, yule wa kompyuta. Nikasema ndiye. Akajitaja. Alikuwa wa 43.

Hakuwa na hasira, na hilo lilinikaa vibaya kuliko hasira. Alisema mwaka uliofuata alirudia darasa la nane, akaolewa kabla ya mtihani. Sasa ana binti anayemaliza sekondari na mwalimu anasema ataingia chuo kikuu. Kilichokuwa kikimtia hofu ni fomu. Alikuwa amesikia ule mpango wa serikali wa 2023, ambao mfumo unakuuliza maswali kuhusu nyumba na mapato halafu unakuweka kwenye kundi, na kundi ndilo linaloamua utalipa kiasi gani. Alikuwa na jirani aliyewekwa kundi la watu wenye nacho na hana hata ng'ombe. "Wewe unaelewa mambo haya," akasema. "Hiyo kompyuta itamkubali mtoto wangu?"

Nilimwambia kompyuta haikubali wala haikatai. Nilimwambia kuna mtu aliyeandika maswali, na kuna mahali pa kukata rufaa, na nikamwandikia namba yangu. (Desemba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliuona mpango wenyewe unakwenda kinyume cha katiba, na shauri likapelekwa rufaa.) Nilinunua mayai yote. Ulikuwa upuuzi, najua. Nilikula matatu, mengine nikawagawia madereva.

Jioni nikarudi Busia kwa njia ya Alupe. Pale sasa pana chuo kikuu, kilichopata hati yake mwaka 2022, kando ya barabara tuliyokuwa tukiipita kwa baiskeli. Dada amestaafu ualimu juzi, anaishi Tororo. Nilimpigia nikamsimulia habari za Malaba. Alinyamaza, kisha akasema nimpe namba ya yule mama.

Lile jina nililombatiza nilimwomba msamaha mara moja, mwaka 2005, tukiwa na yule kuku bado uani. Alisema amesahau. Hakuwa amesahau.

Haya, wapenzi. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, nitawaonyesha jinsi ya kupanga rekodi kwa safu moja. Ni mstari mmoja tu. Kabla ya kuuandika, angalieni kwanza ni nani atakayekuwa wa arobaini na moja.